Bi Bata na Mwendo wa Kisimani

Paukwa!

*Pakawa!*

Palikuwa na nini?

*Palikuwa na miguu!*

Miguu ya nani?

*Ya kila mwenye kutembea!*

Haya, vizuri. Leo mmeitikia kama watu walioshiba. Endeleeni kumenya njugu, mikono ifanye kazi yake na masikio yafanye kazi yake. Na wewe Tunu, nimekuona. Ukimenya tatu unakula mbili. Kula, ila usitafune kwa kelele, maana ngano ya leo haitaki kishindo. Mtajua kwa nini.

Hapo zamani za kale, zamani wanyama walipokuwa wakiamkiana na kuazimana ungo, palikuwa na nchi kavu yenye kisima kimoja tu. Mvua ikinyesha, madimbwi yalijaa kila mahali na hakuna aliyekikumbuka kile kisima. Kiangazi kikija na madimbwi yakikauka, wote walikigeukia.

Sasa sikilizeni tabia ya kisima chenyewe. Kilikuwa na woga. Naam, woga, kama mtoto mchanga anayeshtuka mlango ukigongwa. Kikisikia kishindo cha mtu anayekimbia, maji yake yalishuka chini. Kikisikia tena, yakashuka tena. Mwaka mmoja Nyati alishikwa na kiu, akakikimbilia yeye na wanawe na shemeji zake wote. Walipofika walikuta matope, na matope yale yalikaa mwaka mzima. Waliokufa mwaka ule hawakuhesabika.

Tangu hapo wakaweka sharti: njia ya kisimani hakuna kukimbia. Na kila kiangazi kikianza, walishindana mwendo. Si mbio, nasema mwendo. Kila ukoo ulimtoa mmoja wao. Walianzia Mwamba Mweupe jua likichomoza, wakaenda kwa miguu mpaka kisimani, na walipofika jua lilikuwa utosini. Ukoo wa aliyetangulia ulikunywa kwanza kila asubuhi, kiangazi chote, maji yakiwa yametulia na safi. Wengine walifuata kwa zamu. Wa mwisho alikunywa tope lililovurugwa na midomo ya wenzake.

Mkuu wa mwendo alikuwa Bwana Jongoo. Mnacheka nini? Nani anajua kutembea kumshinda Jongoo? Ana miguu yote ile, na hakuna aliyepata kumwona ameiinua yote pamoja hata siku moja. Wasaidizi wake walikuwa Konokono na Mjusi, kwa sababu macho yao yako karibu na ardhi. Konokono aliondoka nyumbani siku kumi kabla, ili awahi mahali pake.

Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, mguu mmoja uwe ardhini wakati wote. Huu usiinuke mpaka ule utue. Ya pili, mguu unaotua mbele utue umenyooka, goti lisipinde. Ukikosea, unaonyeshwa jani jekundu la mkungu. Jani la kwanza, unaendelea. Jani la pili, unaendelea na moyo unakudunda. Jani la tatu, unatoka njiani, na ukoo wako unakunywa mwisho kiangazi kizima.

Mmeelewa? Basi twende kwa Bi Bata.

Bi Bata aliatamia mayai kumi. Saba yalianguliwa, matatu yakawa viza. Vifaranga saba walitoka wakati dimbwi lao limebaki la kuloweka vidole tu. Bwana Bata alilitazama dimbwi, akawatazama watoto, akamtazama mkewe.

"Mama watoto," akasema, "tuhame. Nasikia ng'ambo ya milima kuna bwawa."

"Tuhame vipi, baba watoto? Wewe utaruka, mimi nitaruka. Hawa saba hawana hata unyoya mmoja wa bawa. Utawabeba mdomoni?"

Bwana Bata akakunja mbawa zake.

Mwaka uliopita mabata walikunywa mwisho. Bi Bata alikuwa na vifaranga watano mwaka ule. Lile tope liliwaziba pua na koo, mmoja baada ya mwingine, na kiangazi kilipokwisha hakuwa na hata mmoja. Hilo sitalieleza zaidi. Mjue tu kwamba Bi Bata alikuwa hajalisahau, na kila kifaranga alipokohoa, yeye aliacha kula.

"Mwaka huu nitaingia mwendo mimi," akasema.

"Wewe? Na kiuno hicho?"

Mabata walitembea vile vile watembeavyo leo. Kiuno huku, kiuno kule. Bi Bata akipita njiani, watu walijiziba midomo. Mbuni hakujiziba. Mbuni alikuwa na shingo ndefu na miguu mirefu na maneno marefu, na alikuwa ameshinda mwendo miaka miwili mfululizo.

"Bi Bata!" Mbuni aliita kutoka mbali. "Hicho kiuno unakipeleka kisimani au ngomani?"

Wote wakacheka. Bi Bata akapita. Lakini alisikia uchungu, wala asiwadanganye mtu kwamba maneno hayaumi.

Akaenda zake kufanya mazoezi. Alilichukua yai viza la kwanza, akaliweka mgongoni katikati ya mbawa, akatembea. Alijiambia, nikirukaruka litaanguka, nikitembea litatulia. Hatua kumi, pwaa! Yai likaanguka likapasuka. Mnajua harufu ya yai viza? Basi ile ile, mara mbili. Bwana Bata akawahamishia watoto upande wa pili wa vichaka.

Siku ya pili akachukua yai viza la pili. Hatua mia, pwaa! Harufu ikafika mpaka kwa jirani.

Siku ya tatu alikuwa amebakiwa na moja. Akaliweka mgongoni akasimama kwanza, akafikiri. Akaona kwamba kosa lake ni kukizuia kiuno. Kwa kuwa walimcheka, alikuwa akikikaza kisigeuke, na mwili mzima ukawa unarukaruka. Akasema, basi geuka unavyotaka. Akakiachia. Kiuno kikaenda huku na kule, kikausukuma mguu mbele, na ule mguu mfupi ukapata urefu ambao hakujua anao. Mgongo ukatulia tuli. Alitembea mpaka Mwamba Mweupe na kurudi, na yai liko pale pale. Mwendo wenyewe ukamtoa wimbo:

*Tua, ndipo uinue,*
*tua, ndipo uinue,*
*kisima kina woga,*
*tua!*

Nikiuimba tena, neno la mwisho itikieni nyinyi. Polepole, lakini, msikishtue kisima.

Sasa Mbuni naye alifanya maandalizi yake. Hakutembea hata hatua moja ya mazoezi. Alikwenda kwa Kanga, wale kanga wengi wenye madoadoa, wasiopenda safari na ambao mwaka ule hawakumtoa mshindani.

"Dada zangu," akasema Mbuni, "sisi sote ni ndege. Nikishinda, nitasema nyinyi mnywe nyuma yangu. Nataka kitu kidogo tu. Siku ya mwendo, mparueparue njiani mahali patatu: penye gogo, penye kichuguu, na penye kona ya mwisho. Mimi nikikaribia, parueni kwa nguvu."

"Tukiulizwa tunafanya nini?"

"Semeni mnatafuta punje. Kanga akitafuta punje, nani atashangaa?"

Kanga wakatazamana. Walikuwa na kiu na walikuwa na watoto pia. Wakakubali.

Siku ya siku ikafika. Jua lilipochomoza, washindani walikuwa wamejipanga Mwamba Mweupe. Swala alikuwapo, Mbuni alikuwapo, Bi Bata alikuwapo, na wengine wengi. Chura naye alikuwapo. Konokono alikuwa penye gogo na Mjusi penye kichuguu. Bwana Jongoo mwenyewe alikuwa kisimani, amejinyoosha juu ya ardhi, kila mguu wake umegusa udongo, majani mekundu yamewekwa ubavuni.

Jogoo akawika, wakaondoka. Chura akafanya hatua yake ya kwanza, tupu! Akafanya ya pili, tupu! Akafanya ya tatu, tupu! Jogoo akamwambia, "Bwana Chura, nenda nyumbani, usimsumbue Konokono bure." Chura akaenda nyumbani, na hata kwenda alikwenda kwa kuruka.

Swala alitangulia. Alitembea vizuri, tena kwa madaha. Shida ya Swala ni furaha. Ndege walipomshangilia kutoka mitini, furaha ikampanda miguuni, akaruka juu. "Natembea!" akapiga kelele akiwa hewani. Konokono alimwona toka mbali, akainua jani. Moja. Alipofika penye gogo, badala ya kulipita kwa mguu, akalirukia. Konokono akainua jani. La pili.

Mbuni alifuata. Alipolikaribia gogo, kanga walikuwa pale. Paru, paru, paru! Vumbi likapanda likatanda njia nzima. Konokono alikodoa macho yake yote mawili mpaka yakarefuka, hakuona kitu. Na ndani ya lile vumbi Mbuni akafanya nini?

*Akakimbia!*

Nani kawaambia? Ndiyo, akakimbia. Vumbi lilipotulia, Mbuni alikuwa mbele kabisa, anatembea taratibu, kidevu juu, kama aliyetoka kusali.

Na kule kisimani, maji yakashuka.

Bi Bata akafika penye gogo, kiuno huku, kiuno kule. Vumbi limekwisha, Konokono anaona sawasawa. Gogo lilikuwa kubwa na miguu yake ni mifupi. Akaweka mguu juu, akateleza, na mbawa zikafunguka zenyewe, pu! zikambeba.

Konokono akainua jani jekundu. "Bi Bata, mbawa zimekubeba."

"Nimeteleza, bwana."

"Nimeona umeteleza. Nimeona pia zimekubeba."

Moja. Bi Bata hakubisha, maana ilikuwa kweli. Akaendelea.

*Tua, ndipo uinue,*
*tua, ndipo uinue,*
*kisima kina woga,*

*Tua!*

Akawapita wawili, akawapita watatu. Jua likapanda. Akaona shingo ya Mbuni kule mbele, haiko mbali sana, na mbele ya Mbuni kuna kichuguu. Na penye kichuguu kuna nani?

*Kanga!*

Paru, paru, paru! Vumbi likapanda. Mjusi aliruka juu ya kichuguu, akaruka chini ya kichuguu, hakuona kitu. Na ndani ya vumbi Mbuni akafanya nini?

*Akakimbia!*

Maji yakashuka tena. Halafu Mbuni akageuza shingo, akaita kutoka mbele: "Bi Bata! Polepole mama! Nitakufikishia salamu kwa wanao!"

Hapo Bi Bata akapandwa na hasira. Angemtukana yeye, angekitukana kiuno chake, angevumilia. Lakini watoto! Akasahau wimbo. Akafanya hatua moja, mbili, tatu, na ile ya nne miguu yote miwili ilikuwa hewani. Naye alikuwa ameshatoka kwenye vumbi, mwangani kabisa.

Mjusi akainua jani jekundu. "Bi Bata. La pili."

Na upande wa pili wa njia, Swala alikuwa ameruka kwa furaha ya kuona anakaribia. Mjusi akamwinulia na yeye. "Swala. La tatu. Toka njiani."

"Lakini nilikuwa natembea!" akasema Swala, na machozi yakamtoka. Akatoka njiani, akafuata pembeni polepole, kichwa chini, akiwaza jinsi atakavyowaambia nyumbani kwamba watakunywa mwisho.

Bi Bata aliona machozi ya Swala, akayahesabu majani yake. Majani mawili. Akikosea mara moja tena, basi. Atarudi kwa watoto saba na kuwaambia nini? Alitaka kwenda haraka akaogopa, alitaka kwenda polepole akaogopa. Alitembea hivyo kwa muda, kama mtu anayekanyaga mayai, hata wale aliowapita wakaanza kumkaribia kwa nyuma. Nawaambia, pale ndipo alipokuwa karibu kukata tamaa.

Kisha akakumbuka yai lile la tatu. Akajisemea, si woga uliolituliza yai. Lilitulia kwa sababu nilikiachia kiuno. Akakiachia. Kiuno huku, kiuno kule. Wimbo ukarudi.

Akafika kona ya mwisho. Mbuni alikuwa ameshaingia kwenye vumbi la tatu, maana kanga walikuwapo wanaparua kwa nguvu zao zote, na vumbi hili lilikuwa kubwa kuliko yote. Ndani yake Mbuni akakimbia mara ya tatu. Na Bi Bata naye akaingia humo humo.

Akatazama kulia, vumbi. Akatazama kushoto, vumbi. Konokono yuko mbali nyuma. Mjusi yuko mbali nyuma. Hajioni hata vidole vyake mwenyewe.

Na ana mbawa.

Mbuni hana mbawa za kuruka, yeye anazo. Kupiga mara tatu tu, pu, pu, pu, angempita Mbuni juu kwa juu, angetua upande wa pili, akatembea kwa madaha, na nani angejua? Mbawa zikajifungua kidogo. Ndiyo, zikajifungua, wala simtetei.

Ndipo akasikia ardhi inatetemeka kwa kishindo cha Mbuni. Akawaza: kisima nacho kinasikia hiki. Maji yanashuka sasa hivi, ninapowaza. Nikipiga mbawa nikatua kwa kishindo, yatashuka zaidi. Nitashinda, halafu wanangu watakunywa nini? Ushindi?

Akazibana mbawa ubavuni mpaka zikamuuma. Akaimba, vumbi likimwingia mdomoni:

*Tua, ndipo uinue,*
*tua, ndipo uinue,*
*kisima kina woga,*

*Tua!*

Kisimani watu wote walikuwa wamekusanyika, na walikuwa wanalia. Maji yalikuwa yameshuka mara ya kwanza, wakasema labda ni jua. Yakashuka mara ya pili, wakatazamana. Yaliposhuka mara ya tatu, lilibaki dimbwi dogo huko chini kabisa, la kujaza kifuu cha nazi. Bwana Bata alikuwa amesimama ukingoni na vifaranga saba, na vifaranga walikuwa wanakohoa.

Mbuni akatokea. Wa kwanza! Akatembea mpaka ukingoni, hakumwamkia mtu, akanyoosha ile shingo ndefu kwenda chini. Maji kushuka kulimhusu nini? Shingo yake ilifika.

"Ngoja," akasema Bwana Jongoo.

"Ningoje nini? Nimetangulia, tena sina jani hata moja. Waulize wasaidizi wako."

"Wasaidizi wangu wanatumia macho, na macho yanazibwa na vumbi. Mimi natumia miguu." Bwana Jongoo hakuinuka. Aliendelea kulala juu ya udongo kama alivyolala tangu asubuhi. "Anayetembea hauachii udongo. Mguu mmoja ukiondoka, mwingine upo. Nikiwa hapa namsikia, daima namsikia. Anayekimbia anaruka, na akiwa hewani udongo unanyamaza. Leo udongo umenyamaza chini ya mguu mzito wa vidole viwili. Umenyamaza penye gogo. Umenyamaza penye kichuguu. Umenyamaza penye kona. Nchi nzima hii, mwenye vidole viwili na mzito hivyo, tena ndege, ni nani?"

Wote wakatazama chini, kwenye miguu ya Mbuni. Mbuni akajaribu kukunja vidole.

"Uongo!" akasema. "Nani aliona?"

"Mimi nimeona," ikasikika sauti kutoka nyuma. Alikuwa Swala, amefika kwa njia ya mkato ya pembeni. "Sikumwona akikimbia. Nimepita vumbi likiwa limetulia, nikaona nyayo. Penye kichuguu unyayo mmoja uko hapa, mwingine uko kule, katikati ningeweza kulala mimi na pembe zangu. Mwendo gani huo? Mimi nimetolewa kwa kidogo kuliko hapo."

Kanga walikuwa wamekuja nao, wamejibana nyuma ya watu. Yule mkubwa wao akaanza kusema, "Sisi tulikuwa tunatafuta punje..." Kisha akaona kisima. Akaona maji yalivyobaki. Akakaa chini akalia, akasema yote.

Bwana Jongoo akachukua majani matatu mekundu, akayaweka mbele ya Mbuni moja moja. La gogo. La kichuguu. La kona. Mbuni akasogea kando.

Wakati huo huo Bi Bata akatokea. Vumbi limemjaa kichwani mpaka mkiani, huwezi kujua ni bata au ni kigae. Kiuno huku, kiuno kule. Hakuna aliyecheka. Akafika ukingoni, akasimama.

"Bi Bata," akasema Bwana Jongoo, "una majani mangapi?"

"Mawili, bwana."

"Penye vumbi la kona, ulikuwa peke yako?"

"Nilikuwa peke yangu."

Bwana Jongoo akachukua jani jekundu. Bwana Bata akafumba macho. Vifaranga wakaacha kukohoa, sijui kwa nini, labda hata wao walijua. Bi Bata aliliona lile jani linainuliwa na moyo ukamshuka kama yale maji. Akawaza, zile mbawa zilizojifungua kidogo! Amezisikia! Akainamisha kichwa.

"Nilikusikiliza tangu kwenye kichuguu mpaka hapa," akasema Bwana Jongoo. "Kwenye kona nilisikiliza kwa miguu yote. Nilisikia mguu, na mguu, na mguu, na mguu. Sikusikia kimya."

Akalipeleka lile jani mdomoni, akalitafuna, akalimeza. Jongoo chakula chake ni majani makavu, na tangu asubuhi alikuwa hajala.

Eh, jamani! Bi Bata alikaa kitako pale pale. Alicheka, akalia, akacheka tena, na mumewe akamkumbatia kwa mbawa mbili na vumbi lake lote.

"Na kiuno hicho," akasema Bwana Bata. "Kiuno hicho, mama watoto!"

Lakini maji yalikuwa bado chini. Bwana Jongoo akasema, "Sasa kaeni. Wote. Asiinuke mtu, asipige mtu mguu." Wakakaa. Nyati alikaa, na wanawe wakakaa. Kanga walikaa. Swala alijikalia juu ya miguu yake ili isije ikamrusha. Wakakaa hivyo kimya, na kisima kikasikiliza, kikasikiliza, kikaona hakuna wa kukitisha. Maji yakapanda kidogo. Yakapanda tena. Yakapanda mara ya tatu, yakafika ukingoni, maangavu, yametulia, unajiona uso mzima.

"Haki ni yako, Bi Bata," akasema Bwana Jongoo. "Ukoo wako unywe kwanza, kiangazi chote."

Bi Bata akawatazama wanawe saba. Kisha akawatazama wengine. Akawaona watoto wa Swala, ambao baba yao aliruka kwa furaha. Akawaona watoto wa kanga. Nyuma ya wote akawaona watoto wa Mbuni, shingo nyembamba, midomo wazi, wanajificha kwa aibu ya baba yao. Akawakumbuka wale watano wake wa mwaka jana.

"Kama haki ni yangu," akasema, "basi nasema hivi. Watoto watangulie. Watoto wa wote. Sisi wakubwa tutafuata kwa zamu zetu, na Mbuni atakuwa wa mwisho, sina huruma naye. Lakini tope asinywe mtoto wa mtu tena."

Hakuna aliyebisha. Watoto wakaenda kisimani, kwa kutembea, mguu kwa mguu. Vifaranga saba walitia midomo majini, wakainua vichwa, wakameza. Bi Bata aliwahesabu wakimeza, mmoja, wawili, mpaka saba. Hakukohoa hata mmoja. Ndipo na yeye akashusha pumzi ambayo aliishikilia tangu mwaka jana.

Kiangazi kile alikipita akiwa na vifaranga saba, na mvua ilipokuja walikuwa saba.

Tangu siku hiyo mabata wanatembea vile vile, kiuno huku, kiuno kule, na hawaoni haya. Na Mbuni je? Hamjawahi kumwona ameinama, kichwa kimekaribia udongo? Watu husema anajificha. Hajifichi. Anasikiliza kama Jongoo bado anahesabu.

Mafunzo ya ngano hii ni haya. Anayekosea kwa kuteleza na akakubali kosa lake, njia yake haijakwisha. Na unapokuwa peke yako kwenye vumbi, hapo ndipo ufanye kama unavyofanya mbele za watu, maana udongo unakusikia. Tunu, umesikia? Basi na zile njugu ulizokalia, zitoe. Siyo hizo, zile za upande wa pili.

Ngano yangu imetoka mwambani, imefika kisimani, imekunywa, imetosheka. Mwenye mguu wa kuinua autue kwanza.

*Tua!*